Kofia Yangu Ilipohesabiwa Kuwa Majani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Misitu, mama yetu mke wa mstaafu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wenzangu wa kituoni mnaocheka hata sijafungua mdomo: hamjambo!

Nimepewa dakika tano nimsifu Mzee Kioo, anayestaafu leo. Sitamvisha kilemba cha ukoka. Nina jambo la kuungama, na moyo unanidunda kama wa bibi harusi.

Wageni wetu, kazi yetu ni kupima kivuli cha miti na kuandika kinachoota chini yake. Unashika usawa wa tumbo kioo kidogo cha kujitazamia chenye miraba, kikiangalia juu, unainama, unahesabu miraba iliyojaa taswira ya majani. Mwaka wangu wa kwanza nilipima viwanja arobaini nikiwa na kofia ya pama pana kama sinia, na jamani, kila cheusi nilichokiona kwenye kioo nilikihesabu kuwa jani! Matokeo? Kivuli asilimia tisini na sita. Mheshimiwa, ulishtuka, ukaamuru miti mia mbili ikatwe ili miche ipate mwanga. Nani angekulaumu?

Mzee Kioo alizisoma karatasi zangu, akaja msituni, wala hakutazama juu. Alipiga magoti. "Mwanangu," akaniuliza, "ukoka huu unakula nini, giza?" Maana chini ya kivuli kizito utakuta kangaga, na miche iliyodumaa ikingoja zamu yake; lakini ukoka bila jua, thubutu! Kisha akanitazama kichwani, akacheka mpaka akakaa chini. "Vua hiyo kofia, tupime upya."

Tulipima wiki tatu, mimi kichwa wazi. Asilimia sitini na moja! Miti ikapona, na mimi nikaruka kama mtoto. Lakini ripoti ilichelewa, na Mheshimiwa ukamwandikia mzee, msimamizi wangu, barua ya onyo, ya kwanza katika miaka thelathini na minne ya kazi. Nilitaka kusema ukweli, akanikataza: "Wewe bado mche, jua hili litakuunguza. Niachie mimi." Nikanyamaza miaka sita. Nimeona haya kila siku.

Sasa nimekomaa. Mheshimiwa, naomba barua ile itoke kwenye faili lake kabla ya saa kumi, mzee aende nyumbani akiwa safi. Ikikosa pa kukaa, jina langu unalijua, na faili langu lina nafasi tele.

Mzee, usinikonyeze, nimeshasema! Asanteni kwa kunisikiliza, na mniwie radhi, kicheko na machozi vimenijia kwa pamoja.