Kijiji Ambacho Mzee Buya Hakiiti

Baada ya miaka ishirini na saba juu ya dungu, jukwaa la kulindia mpunga, katika shamba la shule yetu, Mzee Buya Wako anastaafu leo, Ijumaa tarehe 29 Agosti 1958. Alianza kuwinga ndege hapa mwaka 1931, shule ilipokuwa na darasa moja la makuti na wanafunzi kumi na wanne wa kulishwa wali. Mwalimu Mkuu ameniagiza niandike habari zake kwa kuwa nimekaa naye dungu moja misimu miwili. Sauti yangu haifiki hata dawati la pili. Kwa kalamu ninajitahidi kidogo.

Walinzi wengine wa mpunga hupiga debe. Mzee Buya huita vijiji. Hupanda kabla umande haujakauka, akatia jiwe kwenye kombeo, kisha huita majina ya vijiji ambavyo mto uliviacha au uliviondoa, kimoja kimoja, kutoka juu kuelekea baharini: Kinyapuuu! Mrindiii! Somboooo! Ndege huinuka kama moshi, ukungu nao huinuka, na kwa kitambo mtu hajui kipi ni ndege na kipi ni asubuhi yenyewe. Mwaka wa gharika maji yalizunguka dungu siku mbili. Aliendelea kuita, na wenye mtumbwi walimpata kwa kufuata sauti.

Darasani tulisoma wafalme wa Uingereza. Habari za hapa tulizipata shambani. Kwake tulisikia kwamba watu wa Mrindi walilala ng'ambo ya magharibi wakaamka ng'ambo ya mashariki, nyumba zikiwa palepale na chungu cha jana kingali na uvuguvugu. Mto ndio uliopita nyuma yao. Mwanamume aliyekwenda jioni kumtembelea shemeji yake ilimbidi aazime mtumbwi ili arudi kwa mkewe, na mke hakuyaamini maelezo hata kidogo. Kwake pia tulisikia habari za mfereji wa Belezoni, uliochimbwa kwa majembe ili mitumbwi ipite kwenda mto wa Ozi. Mto ukaujaribu, ukaupenda, ukahamia humo, ukaacha mlango wake wa zamani uote nyasi.

Kila kiangazi Jatani, mchungaji wa Kiorma, hushusha mifugo kwenye malka, ile njia yao ya kwendea majini, na humchokoza kutoka chini.

"Buya! Ng'ombe yangu sasa najua kijiji yote! Lakini kati ya Mrindi na Sombo wewe nanyamaza. Wewe nasahau, mzee?"

"Mzee ni wewe, Jatani, unayechunga mdomo wangu ukaacha ng'ombe wako!"

Ni kweli, hunyamaza. Akishaita Mrindi hushusha kombeo, huvuta pumzi moja ndefu, ndipo huita Sombo. Tena hakuwahi kurusha jiwe upande wa ile miti ya mitondoo iliyo kando ya mkondo wa zamani uliokauka. Sisi tulidhani bega linamuuma.

Hapa sina budi kukiri jambo. Mwaka jana niliandika insha ya Kiingereza juu ya vijiji hivyo. Kile kimya kilinisumbua, maana orodha yenye tundu ingeonekana kama uvivu wangu, na kumuuliza nikaona haya. Nikaliziba tundu kwa jina la kubuni: Mitondooni, kwa ajili ya ile miti. Kwa Kiingereza uongo wangu ulipendeza. Nikapewa zawadi, kalamu hii hii ninayoandikia. Kisha akaja mpimaji wa ramani kutafuta majina ya mahame, vijiji vilivyohamwa, na Mwalimu Mkuu akampa insha yangu. Wiki iliyopita ramani ililetwa ikaguliwe, na Mitondooni ipo, kwa penseli safi. Jumatatu inarudi Nairobi kupigwa chapa, na ikishapigwa chapa hakuna raba itakayoifikia.

Jumanne nilipanda dungu nikamweleza. Aliigeukia ile miti.

"Mitondooni," akasema. "Si jina baya, mwanangu. Ila pale ni kwetu."

Alizaliwa pale, na mama yake alizikwa pale, kabla mto haujahama.

"Hivi vingine naviita nifukuze ndege. Kwa mama nimfukuze nani? Ndege wakitoka kwenye mpunga wapate pa kutua."

Nikamuuliza, na ramani je? Akacheka.

"Karatasi haitishi ndege. Andika."

Akaniinamia, akalisema jina sikioni mwangu, polepole, kama mtu anayeweka yai chini.

Jumatano nilimweleza Mwalimu Mkuu yote. Hakunikaripia. Alinipa raba, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza. Sasa jina la kweli liko mahali pake, kati ya Mrindi na Sombo, na litasafiri na ramani Jumatatu.

Hapa sitaliandika. Karatasi hii itasomwa kwa sauti kubwa mbele ya shamba, na mitondoo asubuhi hii imejaa ndege.

Mzee Buya, tunakushukuru kwa wali tuliokula na kwa vijiji tulivyovijua bila kuviona. Dunguni umeshuka, kombeo tutalitunza. Tunakuombea siku nyingi za kukaa chini ya miti ile, na utulivu wa kuwatazama ndege wakitua.