Mkongojo wa Manjano

Basi la kwenda uwanja wa chuo, kwenye mechi ya mpira wa Kimarekani, lilijaa jezi nyekundu za wenyeji, isipokuwa babu mmoja aliyevaa zambarau, rangi ya wageni. Akaketi kando ya Bibi Verna, akautazama mkongojo wake wa manjano.

"Bomba la maji hilo, bibi?"

"Nguzo ya goli. Tulipowafunga nyinyi, sisi wanafunzi tulivamia uwanja kwa shangwe, tukaing'oa na kugawana vipande. Mimi ndiye niliyeipanda mpaka juu kabisa."

"Mwaka gani huo?"

"Themanini na tatu."

Babu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Kumbe bado mnauegemea ushindi huo! Tangu hapo tunawachapa kila mwaka!"

Verna alilisugua goti lililomsumbua tangu asubuhi. Basi liliposimama, mlio wa ngoma za bendi ya chuo ukamfikia kutoka uwanjani. Akamsukumia babu mkongojo.

"Nishikie. Leo nakwenda kung'oa nyingine, nataka mikono yote miwili."