Aili Kangas na Lenzi Isiyonung'unika

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Aili Kangas, mpiga picha wa hapa mjini Duluth, aliyefariki Jumanne nyumbani kwa dada yake. Aili Kangas. Lishikeni jina hilo, maana ndilo alilolipigania mpaka mwisho, na akanyimwa.

Ninyi mliowahi kumwona mpiga selo wetu, ile fidla kubwa ya kusimamishwa kati ya magoti, Orrin Teague, kwenye mabango ya Ukumbi wa Lindgren, macho kafumba, jasho puani, mlikuwa mnatazama kazi ya Aili. Hamkujua. Mngejuaje? Chini yake paliandikwa: "Picha: Ukumbi wa Lindgren." Loo! Tangu lini ukumbi ukawa na macho?

Turudi nyuma kidogo. Mzee Teague alikuwa amepiga marufuku kamera. Jioni moja, katikati ya muziki wa polepole kabisa, lenzi ya mgeni mmoja ililia zii, zii. Mlio ukaingia kwenye maikrofoni zetu, nanyi mkausikia majumbani. Mzee akaweka upinde wa selo chini.

"Kamera nyingine ikikohoa humu ndani, mimi naenda zangu," alisema.

Aili alikuwa ndiyo kwanza amestaafu kazi ya maktaba. Akamfuata nyuma ya jukwaa.

"Mzee wangu, na nikileta isiyokohoa?"

"Lete. Nikiisikia, utaimeza."

Basi akaenda mji wa Minneapolis na dada yake, Helvi, kwenye duka la kamera zilizotumika. Kamera isiyo na mlio alikuwa nayo. Shida ilikuwa lenzi. Alitaka ya kuvuta mbali, maana angekaa roshani. Alitaka yenye mdomo mpana wa kumeza mwanga, maana taa za Lindgren ni hafifu. Na zaidi ya yote alitaka ukimya. Muuzaji akampa ya kisasa, ile inayojilenga yenyewe.

"Nyamaza kidogo, mwanangu," Aili alimwambia, akaiweka sikioni. "Inanung'unika kama friji. Rudisha."

Akaletewa nyingine, ndefu zaidi. Hiyo ilikuwa kimya, lakini mdomo wake mwembamba. Ukichungulia, giza tupu. Mwishowe akaokota ya zamani, milimita mia moja thelathini na tano, nzito kama jiwe la sauna. Hiyo unailenga mwenyewe, unazungusha pete yake kwa vidole. Aili akamketisha muuzaji chini ya ngazi, penye kiza, akaanza kuzitafuta kope za kijana huyo kupitia lenzi. Akazungusha. Kimya kabisa.

"Hiyo itakutesa, bibi," muuzaji alisema. "Ukiteleza kidogo tu, mtu anageuka ukungu."

"Nikiteleza, nitakuwa nimeteleza mimi."

Helvi anasema alimcheka njia nzima ya kurudi. "Nikamwambia, wee Aili, macho yenyewe hayo ya kuazima miwani! Akanijibu, basi vidole vitajifunza."

Vikajifunza. Alisimama roshani, kwenye nguzo ya kushoto, kaikumbatia asitikisike, vidole vikimfuata Teague akiyumba mbele, akiyumba nyuma. Miaka nenda rudi. Mzee hakuisikia lenzi ile hata siku moja.

Miaka hiyo yote Aili aliomba kitu kimoja tu. Hakuomba mshahara. Aliomba jina lake liandikwe chini ya picha. Mkurugenzi wa ukumbi, Preston Dahlgren, akawa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Aili mpenzi, wewe ni familia. Familia tutaandikana majina?"

Helvi alikuwa palepale na sahani ya mkate wa iliki. "Mkate aliula," anasema Helvi. "Jina hakuandika."

Majira ya baridi yaliyopita, Dahlgren akamwambia akapumzike. Picha sasa zinatakiwa papo hapo, na simu zipo. Siku ya kumuaga palikuwa na kahawa na keki. Dahlgren akaivua ile kamera shingoni mwa Aili, akamsimamisha mbele ya jukwaa. "Haya, tabasamu!" Akabonyeza. Pete hakuigusa. Alidhani lenzi ingejua yenyewe.

"Nilitaka kumwambia azungushe," anasema Helvi. "Aili akanifinya. Akasema, mwache."

Aili hakupenda kupigwa picha. Hiyo ndiyo picha pekee ya uzee wake, na wiki hii ukumbi umeichapa kwenye kadi ya maombolezo. Helvi ametuletea hapa studio. Viti vya jukwaani, nyuma yake, vinaonekana mpaka misumari. Aili ni ukungu wenye miwani. Na chini, kwa herufi safi: "Picha: Preston Dahlgren."

Naam, mmesikia vizuri. Helvi aliiweka kadi mezani akasema, "Kumbe nafasi ya jina ilikuwepo."

Helvi, pole sana, mama. Poleni ukoo wote wa Kangas. Inauma, na hatutajifanya haiumi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, tazameni picha zilizoko ukutani kwenu. Jiulizeni nani alisimama upande wa pili, kabana pumzi. Kama yu hai, mtajeni leo, asikie.

Sisi hatuna kadi. Tuna maikrofoni. Picha zote za Orrin Teague zilizoko Ukumbi wa Lindgren zilipigwa na Aili Kangas. Tunarudia: zilipigwa na Aili Kangas.