Wanja wa Unyayoni: Kumuaga Bi Moza Nyange

Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026, Bi Moza Nyange anastaafu baada ya miaka thelathini na mbili ya uuguzi. Wenzake wameniomba niandike mimi, niliyekuwa daktari wa wodi yake. Mkono wangu mzito, mtanisamehe ufupi.

Alizaliwa Makangale, akasoma Wete, na amechoka kwa haki. Miaka yake mingi imeishia wodi ya watoto wachanga. Kilipoletwa kifaa kinachomulika mwanga mwekundu kwenye kipaji cha uso na kuonyesha damu inavyopita ubongoni, bila sindano wala kisu, alikabidhiwa yeye.

Mtoto wa kwanza aliletwa na bibi yake, Bi Mwanawema, akiwa na doa la wanja katikati ya kipaji. Wanja ulimeza mwanga, hatukupata kitu. Bibi akakataa usifutwe. Alikwisha kuzika mjukuu mmoja, hakuwa tayari kumwachia hasidi mjukuu wa pili. Madaktari tukahubiri, hakusikia. Bi Moza akaomba kijiti cha wanja, akamchora mtoto unyayoni, ndipo akaomba ruhusa ya kufuta usoni.

“Haya,” bibi akasema, “na hasidi akitaka kuhusudu, ainame!”

Wodi nzima ilicheka. Mtoto alipimwa, akatibiwa, akapona.

Mwaka jana nilipatwa na kiharusi, na safari hii kipaji kilikuwa changu. Kila akinifunga mkanda wa kifaa, Bi Moza hunitania kwamba damu inafika vizuri, kwa hiyo ukaidi wangu si maradhi.

Siku zangu si nyingi. Hilo nalijua bila mashine. Kwa hiyo naungama. Wiki iliyopita nilimwomba aahirishe kustaafu, nikisema wagonjwa bado wanamhitaji. Aliendelea kukunja shuka, magoti yamemvimba. Ukweli ni kwamba sikuwa nikiwaombea wagonjwa. Niliogopa kufa mikononi mwa mtu nisiyemzoea.

Ombi hilo nalitengua mbele yenu nyote, lisije likamfuata nyumbani. Rahila, muuguzi aliyefundishwa naye, atanifunga mkanda. Nitamzoea.

Bi Moza, ahsante kwa niaba ya wote uliowashika. Mwenyezi Mungu akupe afya, usingizi usiokatizwa na zamu, na wajukuu wa kukusumbua. Ukiletewa habari yangu, niombee dua hapo hapo ulipokaa. Usinyanyuke.

Dk. Zubeir Bakar