Mama Githae wa Gitothua, 1962–2025

Marehemu Emmah Waithira Mugo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962 huko Gatanga, mtoto wa tatu wa Mzee Ndung'u na Mama Nyambura. Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu alizipenda, kunyamaza hapana. Mwalimu alimhamisha dawati hadi akachoka.

Mwaka 1981 aliajiriwa kushona katika kiwanda cha nguo Makongeni, Thika, akakutana na fundi wa mashine, Nicanor Mugo. Walifunga ndoa kanisani tarehe 2 Desemba 1989, wakahamia Gitothua, Ruiru. Mungu akawajalia Githae na Maggie.

Githae alipoingia kwenye pombe na vidonge, mama alishikwa na woga ambao haukumtoka tena. Juni 2016, bila kumwambia mwanawe, aliita watu wa rehab moja, kituo cha kuwaachisha watu ulevi, waje kumbeba kwa nguvu asubuhi akinywa chai. Rehab yenyewe hakuwa ameifikia hata siku moja. Githae alimtazama akauliza, "Mathe, ni wewe umewaita?" Baada ya wiki tatu kijana aliruka ukuta, na hajaonekana hadi leo. Mara nne mama aliitwa mochari kutambua mwili. Mara nne, Ngai Mungu wangu, alikuta ni mtoto wa mwenzake, akashukuru, kisha akaona haya kwa kushukuru.

Tangu hapo alizisaidia familia za Thika na Ruiru zisifanye alivyofanya yeye. Alitangulia kwenye vituo, akadai kuona cheti, daktari, jikoni na mahali vijana wanapolala. Alikuwa mkali, tusidanganyane. "Wakikukatalia kuingia jikoni, rudi na mtoto wako," aliwaambia wazazi. "Na usimdanganye! Mwambie unampeleka wapi."

Kule Kiganjo, binti mmoja, Naliaka, alikuwa akisikia sauti kichwani, akajifungia chumbani. Wazazi walisema ni mapepo. Waithira aliwaambia waombe, lakini kliniki waende pia; kisha akaketi mlangoni pa binti siku tatu akimenya minji, zile njegere za kijani, ndani ya sufuria. Siku ya nne Naliaka alitoka, akavuta sufuria, akamwambia kama nyanya yake: "Shosho, wewe uko slow sana." Wiki hiyo walienda kliniki pamoja.

Machi 2025 figo zilianza kumsumbua. Hata wodini, namba ngeni ikipiga, aliuliza kwanza kama ni mochari. Wiki ya mwisho alimwambia Maggie, anayewasomea haya, "Usimwandike Githae na waliotangulia. Sijaona mwili wake."

"Na kama..."

"Wee, Maggie. Sijauona."

Maggie aliitikia, "Sawa, mami," lakini aliogopa, na bado anaogopa. Mama alifariki tarehe 14 Oktoba 2025, alfajiri, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, Mzee Nicanor Mugo, binti, Maggie, wajukuu watatu, na kifungua mimba wake, Githae, mwenye umri wa miaka thelathini na minne.

Mungu ampe mama pumziko. Kumtafuta Githae sasa ni kazi yetu.