Ukiinua Mkono, Anaacha

Kijiwe cha Bi Yande Sarr kiko mjini Kaolack, mkabala na mlango wa kijani uliokuwa wa fundi cherehani na sasa ni wa daktari wa meno. Ni benchi moja refu, miguu mitatu ya mbao na wa nne matofali, birika la kahawa ya Tuba yenye viungo vya kuwasha koo, na bakuli la sukari ambalo Bi Yande hulilinda kuliko alivyowahi kumlinda mume. Wakaaji ni wale wale. Yuko Redio, mstaafu wa reli asiyezimika. Yuko Spana, fundi wa pikipiki. Na yuko Waziri, ambaye hajapata kufanya kazi yoyote lakini kanzu yake imepigwa pasi kila siku ya Mungu. Asubuhi hiyo Bi Yande alikaa ameelekeza shavu la kushoto ukutani. Gego lilikuwa likimtesa tangu mwezi uandame, na hakuna aliyejua, na yeye hakutaka ajue mtu. Kwani yeye ndiye Jiwe: msichana aliyechanjwa ufizi wa urembo kwa sindano na masizi, ukawa mweusi tititi, asitikise hata kidole. Mpaka leo mtaa mzima unamtolea mfano. Sasa Jiwe aende kulia kwa daktari wa meno?

— Leo kahawa chungu, alisema Spana.

— Mdomo wako ndio mchungu.

— Bi Yande, tangu tuketi umetutukana mara moja tu. Unaumwa?

— Naumwa na sura yako. Kunywa.

Redio akanyoosha kidole kwenye mlango wa kijani.

— Mmesikia habari za Raki, huyo daktari mpya? Ukiingia hakushiki. Anakuuliza kwanza, “Naomba nianze?”

— Anauliza nani? Mgonjwa? Spana aliweka kikombe chini. Mimi pikipiki nikianza kuiomba ruhusa, mwenyewe si ataikokota akaondoka nayo? Fundi anayeuliza hajui kazi.

— Ngoja, hujasikia. Anakwambia, ukiinua mkono, naacha.

— Anaacha nini?

— Kila kitu. Unainua mkono, anaacha.

— Basi huyo atazeeka na jino moja!

Wakacheka. Bi Yande akanywa kwa upande wa kulia. Hilo la mkono ndiyo kwanza analisikia.

— Mimi kaka yangu nilimng'oa jino kwa koleo, aliendelea Spana. Goti kifuani, nikavuta. Hakuinua mkono wala nini.

— Angeinuaje, na wewe umemkalia? alisema Redio. Tena ulimng'oa zima, bovu likabaki.

— Alitikisika!

Waziri akakunja mikono ya kanzu, taratibu, kama mtu anayefungua mkutano.

— Nyinyi hamjui siasa. Anakuuliza ili mambo yakiharibika liwe kosa lako. Si ulikubali mwenyewe? Hapo huna pa kulalamika.

— Siyo hivyo, alisema Redio. Ukweli ninao mimi. Alikwenda Dakar kusomea upasuaji mkubwa, akaona damu, chini! Wakamhurumia, wakampa meno.

— Meno hayana damu?

— Yana kidogo.

— Mimi nimeambiwa ana kamera nyembamba kama mswaki wa mti, alisema Spana. Anaitia mdomoni, jino lako unaliona kwenye televisheni.

— Jino langu kwenye televisheni? Saa ya taarifa ya habari?

— Kampuni za sukari ndizo zinazomlipa, alisema Waziri. Wao wanatoboa, yeye anaziba. Fikirieni.

— Na ile sindano yake ya ganzi! Redio alisogea mbele mpaka benchi likalia. Ukidungwa tu unataja siri zako zote. Kuna bwana mmoja kamtaja mke wa pili, na wa kwanza kakaa hapo nje anamsubiri na mwavuli.

— Bwana gani?

— Majina sitaji.

— Hutaji kwa sababu hayupo, alisema Bi Yande.

Gego lilikuwa limempigia ngoma mpaka sikioni na uvumilivu ulikuwa umekwisha.

— Mnachemka kama birika lisilo na maji. Raki ninamjua tangu hajaota meno yeye mwenyewe. Bibi yake, Takko, ndiye aliyechanja fizi za wanawake wa mtaa huu wote, na mimi nikiwemo. Raki alikuwa mshika kibakuli cha masizi. Siku moja, ngoma zinalia, wanawake wamejaa, akakiweka chini akamwambia bibi yake, “Huyu anaumia. Mwache apumzike.” Takko alimzaba kofi likasikika mpaka gereji. Hakukishika tena kile kibakuli. Akasoma. Alisoma huko Dakar mpaka nikadhani ameolewa na shule. Wakampeleka hospitali kule mashariki, watu wamejipanga juani kama wanagawiwa mbegu za karanga. Ng'oa huyu, aje mwingine, hata salamu hakuna. Akachoka, akarudi kwao, akapanga kile chumba, akasema atatibu mtu mmoja mmoja na atamsalimia. Basi. Ndiyo kampuni yenu ya sukari hiyo.

Redio akanywa kahawa yake. Kisha Waziri, maana hawezi kuacha neno la mwisho liwe la mwingine:

— Lakini Takko alikuwa sawa. Kupumzika kwa nini? Wewe ulipumzika?

— Jiwe! alisema Redio.

— Jiwe! wakainua vikombe wote watatu.

Bi Yande akalivuta bakuli la sukari karibu. Jina hilo lilikuwa limempa heshima maisha yake yote, na leo lilimwelemea shavuni.

Hapo ndipo lori la karanga liliposimama, akashuka dereva, mtu mzima na mabega yake, amefungwa kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini.

— Asalaam alaykum. Daktari wa meno ni pale?

— Pale pale, walijibu kwa pamoja.

— Inauma?

Redio akamtazama Spana. Spana akamtazama Waziri. Waziri akatazama kanzu yake.

— Inategemea, alisema Redio.

— Na nini?

— Hali ya siasa, alisema Waziri.

— Jamani, nauliza inauma au haiumi. Nani kati yenu ameingia?

Hakuna. Barabarani punda alipita na mkokoteni, nao wakamtazama punda kwa makini sana.

— Hata hivyo, ndugu yangu, alisema Spana, koleo ninalo hapa hapa.

Dereva aliliangalia koleo, akaangalia lori lake. Alikuwa anapima lipi la kukimbilia. Bi Yande aliuona uvimbe wa shavu lile na wake ukajibu. Akasimama.

— Wewe dereva, kaa hapo. Usimfungulie huyu mdomo. Nakwenda kukuulizia.

— Kuuliza tu? alisema Redio.

— Kuuliza tu. Spana, shika birika. Ukigusa sukari nitajua.

Ndani kulinukia karafuu. Raki aliinuka, koti jeupe, kicheko tayari.

— Mtani wangu! Leo Waserer mmekosa chakula mpaka mje kula kwa Wafulani?

— Nimekuja kuona kama Mfulani anaweza kazi isiyo na ng'ombe. Kuna dereva nje anauliza kama inauma.

— Dereva. Na huyo dereva anaumwa upande gani?

— Kushoto, chini, alisema Bi Yande. La mwisho kabisa.

Raki hakucheka.

— Keti basi, tumwangalizie.

Kiti kikalala chenyewe, Bi Yande akalala nacho akikilaani. Raki akawasha taa, akaona ule weusi.

— Kazi ya bibi hii. Alikuwa akikusifu mpaka anakufa. Jiwe, hukutikisa kidole.

— Shangazi zangu walinikalia mikono, alisema Bi Yande. Mmoja huku, mmoja huku, na wote wawili wanene. Ningetikisa nini?

Alishangaa maneno hayo yalivyotoka, maana hakuwahi kuyasema mahali popote. Na sindano ya siri za Redio alikuwa hajadungwa bado. Raki aliuchukua mkono wa kulia wa Bi Yande, akauweka juu ya tumbo la mwenyewe, kiganja wazi.

— Huu ni wako. Ukiuinua, naacha. Hata ikiwa ni pua tu inakuwasha.

Akaingiza kioo kidogo. Bi Yande akainua mkono. Raki akaacha. Mkono ukashuka, kioo kikarudi. Bi Yande akainua tena. Raki akaacha tena, hakuuliza nini wala kwa nini. Ikaja sindano ya ganzi. Haijagusa, mkono juu. Raki akairudisha nyuma, akangoja. Feni ikazunguka.

— Utakaa hivyo mpaka lini? aliuliza Bi Yande.

— Mpaka ushushe.

Bi Yande aliuweka mkono hewani kidogo zaidi, kwa raha zake. Kisha akaushusha.

— Haya, Mfulani. Fanya kazi.

Alipotoka, mdomo ulikuwa umelala upande mmoja na gego liko kwenye karatasi ndani ya mfuko wa gauni. Benchi zima likasimama.

— Kang'oa?

— Umelia?

— Umetaja waume zako?

— Nani analipa, kampuni gani?

Bi Yande akainua mkono. Wakanyamaza wote watatu, jambo ambalo benchi lile halikuwa limeliona tangu liwekewe matofali.

— Inauma kidogo, alimwambia dereva kwa nusu ya mdomo. Halafu unafanya hivi, inaacha. Nenda.

Dereva akafungua kitambaa chake, akavuka barabara bila kulitazama lori. Bi Yande akaketi, shavu la kushoto kwa watu. Akalipindua birika, halikutoa tone. Akachungulia bakuli.

— Nani amemaliza sukari?

Spana, pole pole, akainua mkono.

— Mimi si Raki, alisema Bi Yande, akavua kandambili.