Paneli Zinazotazama Barabara

Mheshimiwa Mkuu wa Kaunti, bosi wetu Bwana Dale Vandersloot pamoja na mama Marlys, wageni mliowahi viti vya karibu na hita, nanyi wakamuaji wenzangu mliosimama mlangoni: nawasalimu.

Mimi ni Eusebio, huu ni mwaka wangu wa tisa katika zizi hili. Huko Guatemala shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikiteleza mbele ya wasomi, mnishike mkono. Nimeambiwa nishukuru kwa umeme wa jua. Nashukuru.

Nani asiyezisifu paneli zetu arobaini? Anayepita barabara kuu huziona zote, akapiga honi. Ndivyo bosi alivyotaka, akazipanga upande wa paa unaotazama barabara, yaani kaskazini. Nilimwambia siku ile, "Bosi, wakati wa baridi jua la Wisconsin linapita kusini, nyuma ya zizi."

"Nyuma ya zizi nani ataziona, Eusebio? Ng'ombe?"

"Jua, bosi."

"Hebu nenda kakamue!"

Nikaenda kukamua. Tangu Novemba, kila alfajiri napanda ngazi na fagio, nazipangusa theluji ili zikitazame kivuli vizuri. Mheshimiwa ameziita macho ya maendeleo. Ni macho kweli, ila yanaangalia magari.

Bosi, ulituahidi kwamba umeme ukipatikana, nyumba yetu ya bati nayo itawekewa hita. Kila tukiuliza, jibu ni moja: "Subirini, bado hautoshi." Sisi watu wazima tunasubiri, ndiyo kazi tuliyoizoea kuliko kukamua. Lakini Lucita, binti wa wenzetu Chepe na Amparo, ana wiki tatu. Mtoto wa wiki tatu anaambiwaje asubiri?

Basi Jumapili, nyinyi mkiwa kanisani, mimi na Chepe, ambaye kwao alikuwa fundi umeme, tulishusha paneli sita tukazifunga juu ya paa letu, zikitazama kusini. Hita ikawaka. Mchana chumba kina joto. Usiku tunamwongezea mtoto mablanketi. Na kahawa mnayokunywa, ile Mheshimiwa aliyoomba kikombe cha pili, imechemkia kwetu.

Najua mnashangaa mbona hamkuona mapengo. Tangu Jumapili sijafagia. Mmepiga picha za theluji, na chini yake ziko paneli thelathini na nne.

Bosi, hizo ndizo shukrani zangu, na ukiniambia nifungashe virago, nitafungasha. Ukitaka kuzirudisha zile sita, ngazi iko palepale nilipoiacha. Ila upige hodi taratibu, mtoto amelala.

Asanteni kwa masikio yenu. Ng'ombe wananingoja.